Hodi Tatu za Fundi wa Vitako

Siku ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1971, saa mbili kasorobo asubuhi, ukumbi wa useremala katika karakana ya silaha ulikuwa na watu tisa: maseremala saba, mchora ramani mmoja, na fundi mkuu ambaye habari hii inamhusu. Hakuna aliyekuwa mgonjwa wala aliyechelewa. Saa mbili kamili lori liliingia uani kinyumenyume, likashusha masanduku kumi na manne. Tangu dakika hiyo kazi ya watu wale tisa ilikuwa imekwisha, ingawa wenyewe waliambiwa baada ya chakula cha mchana.

Fundi mkuu alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ametengeneza kitu kimoja tu: kitako cha bunduki, yaani ile sehemu ya mbao ambayo mwenye bunduki huitegemeza begani. Watu walimwita Mzee Kitako, na wapishi wa kantini hawakuchoka kulitania jina hilo.

"Mzee Kitako, karibu ukae," wangemwambia. "Kiti tumekuwekea, kitako unacho."

"Changu nimekichonga mwenyewe," angejibu bila kuinua macho. "Vyenu mlipewa bure, ndiyo maana vimepinda."

Kazi yake ilianzia kwenye mkono wa mtu. Mlinzi aliyehitaji kitako kipya alitakiwa kuja mwenyewe ukumbini, akunje kiwiko, na fundi ampime kwa uzi tangu kunjo la kiwiko hadi pingili ya kwanza ya kidole cha shahada. Kipimo kiliandikwa kwa penseli ukutani, kando ya dirisha, ambako palikuwa na vipimo mia nne na ushei, vingine vya watu waliokwisha kustaafu, vingine vya waliokwisha kufa. Hapo ndipo ulipokuja msumeno, kisha patasi, randa, tupa na msasa, na mwisho mafuta ya kitani, yakisuguliwa kwa kiganja kitupu mpaka mbao ipate joto.

Baada ya hayo yote ilibaki desturi moja. Fundi aliishika bunduki tupu, mdomo wa mtutu ukitazama juu, akakigonga kitako kwenye sakafu ya saruji mara tatu, polepole, kama mgeni anayepiga hodi. Mbao nzima ilitoa sauti kavu iliyo wazi. Mbao yenye ufa wa ndani, ambao jicho haliwezi kuuona, ilitoa sauti ya mtu mwenye mafua, na hiyo ilirudi mezani au ikaenda jikoni kuwa kuni. "Mbao haijui kusema uongo," alizoea kuwaambia maseremala wake. "Iulizeni tu, itawajibu."

Walinzi wa ghala waliokuja kuchukua bunduki zao waligonga nao, kwanza kwa mzaha, kisha kwa fahari, na mwishowe kwa mazoea. Kufikia mwaka 1960 hapakuwa na mlinzi hata mmoja aliyepokea bunduki wakati wa kubadilishana zamu bila kupiga hodi tatu za Mzee Kitako. Jambo hilo halikuandikwa katika amri yoyote, na hakuna aliyelikataza, kwa kuwa halikuwa na dhara. Bunduki za wakati ule zilikuwa na bolti inayofungwa kwa mkono kama komeo la mlango. Ungeweza kuzigonga tangu asubuhi hadi jioni, zisikufanye lolote.

Nyumbani kwake waliishi watu wanne: yeye, mkewe, mwana wao wa pekee aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na mkwe wao, mke wa kijana huyo, ambaye alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kijana alikuwa mlinzi wa ghala. Alikuwa amejifunza kugonga tangu kimo chake kilipolingana na meza ya kazi ya baba yake, na kwa masikio alikuwa karibu kumpita. Wakati mmoja alisimama mlangoni, akasikia kitako kikigongwa, akasema, "Baba, hicho kina ufa upande wa kushoto." Kilipopasuliwa, ufa ulikuwa upande wa kushoto. Kwa muda wa juma zima fundi alitembea akitabasamu peke yake, mpaka mkewe akamuuliza kama ameoa mke wa pili.

Jumanne ile sanduku la kwanza lilifunguliwa kwa mtaimbo. Ndani yake, katika karatasi iliyolowa mafuta, zililala bunduki fupi, fupi kiasi kwamba seremala mmoja aliuliza, "Hizi zimekuja bila miguu?" Hazikuwa na mbao hata ya kuchokolea meno. Pahali pa kitako palikuwa na fimbo mbili nyembamba za chuma zilizopita ubavuni, na nyuma yake bamba lililopinda. Mchora ramani alibonyeza kitufe, akavuta, na kitako kikatoka. Akabonyeza tena, akasukuma, kikaingia.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Hawa wamemkunja akiwa chuma."

Mchora ramani alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipenda historia ya vyombo kuliko chakula. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kusoma lugha ya kitabu cha maelezo kilichokuja ndani ya sanduku, na ndiye aliyepewa kazi ya kukifasiri. Wakati wa chai ya saa nne alikiweka kitabu juu ya magoti, akaanza.

"Unadhani ni jambo jipya hili, mzee mwenzangu? Sikiliza. Karne iliyopita zilikuwapo bastola ambazo ala yake ilikuwa ya mbao. Ala hiyohiyo ukiipachika nyuma, inageuka kitako."

"Hao walikuwa watu wenye akili."

"Ngoja. Ikaja vita kuu ya kwanza, watu wakaishi ndani ya mahandaki. Bunduki ndefu humo ni sawa na kuzungusha ngazi ndani ya choo. Wakatafuta silaha fupi inayomimina risasi mfululizo, ila kitako kikabaki cha mbao. Seremala bado ana ulaji. Vita ya pili ndiyo iliyowaharibieni. Wakaja watu wa kuruka kwa miavuli, wakaja watu wa kukaa ndani ya vifaru. Yule wa mwavuli anataka silaha ikae kifuani. Wa kifaru hana nafasi hata ya kupiga chafya. Basi wakabuni kitako cha chuma kinachokunjwa chini ya tumbo la bunduki. Wengine wakakilaza ubavuni. Vita ikazidi kubana, wakaona hata bawaba ni kazi ndefu. Wakachukua fimbo mbili, wakazipitisha ziteleze kama droo ya meza. Mashine inakanyaga bati huku, bunduki inatoka kule."

"Na bega?" aliuliza fundi.

"Bega gani?"

"La mtu. Walimpima nani?"

"Hawakumpima mtu. Ina vipimo viwili tu: ndani na nje."

"Hata nguo ya mtumba ina vipimo vitatu," alisema fundi, na maseremala wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Mchora ramani hakucheka. Alikuwa amefungua bunduki moja na alikuwa akiyatazama matumbo yake. "Na humu ndani hamna komeo kama tulilozoea. Tazama. Bolti yenyewe ni pande la chuma tu, linakwenda mbele na nyuma, springi ndiyo inayolishika."

"Hayo ya ndani waulize mafundi chuma," alijibu fundi huku akifuta vidole. "Mimi ni mtu wa kitako."

Baada ya chakula cha mchana mkuu wa karakana aliwakusanya. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisema kwamba mbao zimefika mwisho wake, kwamba maseremala saba watahamishiwa karakana ya samani ifikapo mwezi wa sita, na kwamba fundi mkuu, kwa heshima ya utumishi wake, atabaki kuwa mkaguzi. Kila bunduki mpya itakuwa na kadi, na kwenye mstari wa kitako itatiwa sahihi yake.

Fundi alizikagua bunduki mia moja na arobaini kwa muda wa siku kumi na tatu. Alivuta fimbo, akazirudisha, akatazama kama kinasa kinachozizuia kinashika. Mwisho, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kumaliza kazi, aliigonga kila moja sakafuni mara tatu. Chuma kililia kama sufuria. Na pigo likiwa zito, ndani ya sauti ile ilifuata sauti nyingine, ndogo na ya haraka.

"Umesikia?" alimwambia mchora ramani. "Hii haina sauti, ina kikohozi."

"Labda imeona vumbi la mbao zako."

Walicheka. Fundi hakuuliza kinachokohoa ni nini. Alikichukulia kikohozi kile kama dalili ya kitu duni kilichotengenezwa na watu wenye haraka, akafurahi moyoni kwamba masikio yake yamekibaini. Kisha akaandika kwenye kadi, kwa mwandiko wake wa kusimama wima: "Kitako: kizima." Aliandika hivyo mara mia moja na arobaini.

Siku ya Ijumaa, tarehe 2 Aprili, saa sita mchana, mwanawe aliingia zamu. Ilikuwa siku ya kwanza bunduki fupi kutolewa kwa walinzi zikiwa na risasi. Mlinzi aliyekuwa akitoka alimkabidhi bunduki, akageuka kutia sahihi kwenye daftari la zamu. Alisikia pigo moja la kitako sakafuni, akasikia la pili, kisha akasikia mlipuko. Alipogeuka, kijana alikuwa ameanguka kifudifudi, na bunduki ilikuwa chini yake, kitako chake kikiwa kimeingia ndani chote. Risasi ilikuwa imepita chini ya kidevu.

Kwenye kitabu cha mikasa, siku hiyohiyo alasiri, mkuu wa karakana aliandika neno moja: "Amejiua." Hoja zake zilikuwa rahisi. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeishika silaha. Silaha ilikuwa mpya, imekaguliwa, na kadi yake ilikuwa safi. Isitoshe, walinzi wawili walisema kwamba siku iliyotangulia marehemu alikuwa amegombana na mkewe langoni, mbele za watu.

Kijana akazikwa na neno lile juu yake. Waliokuja kuhani walikuja kwa unyonge, wakazungumza kwa sauti za chini, wakaondoka mapema. Jirani mmoja alimshika mkono mama wa marehemu, akamwambia, "Pole, dada. Vijana wa siku hizi wana mambo moyoni." Mama aliuondoa mkono wake kana kwamba umeguswa na kaa la moto.

"Mwanangu hakuwa na mambo moyoni," alisema. "Alikuwa na njaa. Alitoka hapa akiniambia nimbakizie chakula."

Kisha alimgeukia mumewe. "Baba yake, wewe unafanya kazi humo ndani. Unawajua hao watu, unavijua hivyo vyuma. Nenda ukanitafutie kilichomuua mwanangu. Mjukuu wangu hatazaliwa akiitwa mtoto wa aliyejiua."

Huo ndio mzigo aliokwenda nao kazini siku ya Jumanne, tarehe 6 Aprili. Maseremala walikuwa kwenye chai. Fundi alichukua bunduki moja rafuni, akahakikisha kwamba haina magazini, kile kisanduku cha risasi, wala risasi yenyewe, akavuta kitako nje. Alikuwa na nia ya kukitazama kinasa, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba kitako kilikutwa kimeingia ndani. Kwa mazoea akagonga. Katika pigo la kwanza kinasa kilishika. La pili lilikuwa zito zaidi; kinasa kiliachia, mwili wa bunduki ukashuka kwa kishindo, na kikohozi kikasikika.

Safari hii aliuliza. Aliisimamisha bunduki juu ya meza, akatazama kupitia tundu la ubavuni, akaigonga tena huku jicho lake likiwa palepale. Aliliona pande la chuma likiruka nyuma kwa kishindo cha pigo, kisha springi ikilirudisha mbele kwa nguvu, bila mkono wa mtu kugusa kifyatulio. Hakuhitaji mafundi chuma kumweleza kwamba, magazini ikiwapo, chuma kile kinaporudi mbele hukokota risasi na kuilipua.

Mchora ramani alimkuta ameketi sakafuni, mgongo umeegemea mguu wa meza.

"Mzee mwenzangu, vipi? Inuka, saruji ina baridi."

"Ni hodi," alisema fundi.

"Hodi gani?"

"Zangu. Amepiga hodi zangu kwenye kitu ambacho hakipigiwi hodi."

Mchora ramani alikwenda kwenye meza yake, akaleta kitabu cha maelezo. Alikuwa amekifasiri ukurasa kwa ukurasa, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa shuleni, na alikuwa amefika ukurasa wa thelathini na moja. Sasa alifunua kurasa za mbele. Onyo lilikuwa katika ukurasa wa arobaini na nne, ndani ya kisanduku chenye mistari myeusi: silaha yenye magazini isigongwe wala kuangushwa kwa kitako.

"Kumi na tatu," alisema. "Zilinibakia kurasa kumi na tatu."

"Wewe zilikubakia kurasa. Mimi niliisikia mara mia na arobaini."

Walikaa hivyo mpaka kengele ya kumaliza chai ilipolia. Kabla maseremala hawajaingia, mchora ramani alimwinamia. "Tume ya kuchunguza kifo chake inakaa Jumatano ijayo. Nisikilize vizuri. Ukisema ni desturi yako, umejichimbia kaburi. Mkuu atakutupia mzigo wote. Na mkeo je? Atakutazamaje usoni? Mwache marehemu apumzike. Neno ni neno tu, litasahauliwa."

"Litasahauliwa na nani?"

"Na watu."

"Mama yake si watu," alisema fundi.

Hata hivyo hakumwambia mkewe. Kwa siku nane alikula mezani naye, akamsikia akimtuliza mkwe, akaulizwa kila jioni, "Umepata lolote?" na kila jioni akajibu, "Bado natafuta." Alikuwa mtu aliyejivunia kutosema uongo, na kila alipolitamka neno lile "bado" aliitazama sahani yake.

Tume ilikaa siku ya Jumatano, tarehe 14 Aprili, katika chumba cha mikutano chenye meza ndefu na feni isiyofanya kazi. Wajumbe walikuwa watatu, na mwenyekiti wao alikuwa hakimu mstaafu, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Kwenye benchi la nyuma waliketi mama wa marehemu na mkwe wake. Mkuu wa karakana alisoma taarifa yake, na alipofika kwenye ugomvi wa langoni mwenyekiti alimtaka mjane aeleze.

"Tuligombania kitanda cha mtoto," alisema mjane, akishika tumbo. "Mimi nilitaka cha dukani. Yeye alitaka cha baba yake. Nikamwambia baba yako atatutengenezea kitako, mtoto atalala ameketi. Akacheka. Hao walinzi mbona hawakuwaambieni kwamba alicheka?"

Mlinzi mmoja aliyesimama karibu na mlango aliinamisha kichwa. "Ni kweli, alicheka," alisema.

"Kucheka si ushahidi," alisema mkuu wa karakana. "Silaha hailipuki yenyewe, mheshimiwa. Kadi hii hapa. Imetiwa sahihi na baba wa marehemu mwenyewe. Kama ina kasoro, aseme yeye."

Mwenyekiti alimtazama fundi. "Mzee, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Unasemaje?"

Fundi alisimama. Aliomba aletewe bunduki moja ya aina ileile, tupu, na aliomba fundi chuma aikague mbele ya wajumbe wote. Kisha aliomba radhi kwa kelele, akaishika bunduki mdomo ukitazama dari, huku uso wake ameuweka mbali. Aligonga mara moja, mara mbili. Katika pigo la pili kitako kiliingia ndani, na katika ukimya wa chumba kile kila mtu alisikia ile sauti ndogo ya haraka.

"Rudia," alisema mwenyekiti. Alizunguka meza, akainama, akatazama kwenye tundu la ubavuni. Fundi alirudia mara nne. Mwenyekiti alimgeukia fundi chuma. "Magazini ingekuwapo?"

Fundi chuma alimtazama mkuu wake, kisha akatazama sakafu. "Ingelia, mheshimiwa."

"Kwa nini mtu aigonge sakafuni?"

"Ni desturi yetu walinzi," alisema yule wa mlangoni. "Zamu ikibadilika, hodi tatu. Wote tunafanya. Hata mimi niliyemkabidhi ile bunduki niliipiga asubuhi, ila sikuipiga kwa nguvu. Yeye alikuwa na mkono mzito."

"Nani aliyewafundisheni?"

Mlinzi alimtazama fundi. Fundi aliona jinsi kijana yule alivyokuwa tayari kusema kwamba hajui, na ingekuwa rahisi kumwacha aseme hivyo. Jina la mwanawe lilikuwa limekwisha kusafishwa; kila mtu chumbani alikuwa amesikia. Lakini alijua vilevile kwamba desturi isiyo na mwenyewe hairudishwi nyumbani, na kwamba kesho zamu ya saa sita ingegonga tena.

"Mimi," alisema. "Niliwafundisha mimi, na marehemu nilimfundisha kabla ya wote."

"Na ulipokuwa ukikagua, ulizigonga?"

"Zote."

"Uliisikia sauti hii?"

"Niliisikia."

"Ukafanya nini?"

"Niliandika kwamba kitako ni kizima," alisema fundi. "Na kilikuwa kizima, mheshimiwa. Sikuulizwa zaidi ya hapo, nami sikujiuliza."

Hakutazama nyuma. Alisikia benchi likilia mtu anapoinuka, akasikia mlango ukifunguliwa na kufungwa taratibu, na akajua ni nani.

Uamuzi ulitolewa siku ya Ijumaa. Neno "Amejiua" lilikatwa kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, na juu yake pakaandikwa: "Amefariki kwa ajali akiwa kazini." Desturi ya kugonga ilipigwa marufuku kwa amri ya maandishi, ikabandikwa juu ya kila rafu. Mchora ramani alipewa karipio. Fundi aliondolewa kwenye ukaguzi, akarudishwa kwenye meza yake kumalizia mbao zilizobaki hadi mwezi wa sita.

Alichukua nakala ya uamuzi ule, akaipeleka nyumbani, akaiweka mezani mbele ya mkewe. Mkewe hakujua kusoma sana. Mkwe ndiye aliyemsomea, mara mbili. Mama alikunja karatasi, akaiweka kifuani ndani ya kanga yake.

"Ahsante," alimwambia mumewe. "Nilikutuma, umeleta."

"Mama watoto."

"Usiniite hivyo. Watoto gani?" Alisema bila ukali, kama mtu anayesahihisha hesabu. "Nilikuuliza kila jioni. Siku nane. Ukanijibu bado natafuta, nawe umekwisha kuona. Ungeniambia humu ndani, tukiwa wawili, ningelia, ningekupiga labda, kisha ningekupikia. Umeniacha nikaisikie kule, pamoja na watu wa kalamu."

"Niliogopa."

"Najua. Ninakujua miaka thelathini." Aliinuka, akaanza kukusanya nguo zilizokauka. "Mwana kidonda, mume wangu. Kidonda hiki sikijui kama kitapona, lakini hakiponi hapa. Kila kitu ukishika unagonga. Jana umegonga stuli. Leo asubuhi umegonga mlango wa kabati, hata wewe mwenyewe hukusikia. Mimi nilisikia."

Aliondoka siku ya Jumapili, saa nne asubuhi, pamoja na mkwe wake, kwenda kukaa katika vyumba viwili mtaa wa tatu kutoka pale. Fundi aliwabebea sanduku hadi mlangoni. Mkwe alimwaga machozi, akambusu mkono. Mkewe alimwambia kwamba mafuta ya taa yako nyuma ya mlango, na kwamba shati lake la kazi limekosa kifungo cha pili.

Mtoto alizaliwa mwezi wa saba, wa kike. Fundi alipelekewa habari siku ileile, na aliruhusiwa kwenda kumwona kila Jumamosi alasiri. Alikuwa akikaa nusu saa, mikono yake ikiwa juu ya magoti, akimtazama. Mkewe alimpa chai. Walizungumza juu ya hali ya hewa, juu ya kikohozi cha mtoto, juu ya jirani. Aliporudi nyumbani alipita njia ndefu.

Ilipofika Ijumaa, tarehe 31 Desemba 1971, ukumbi wa useremala ulikuwa umefungwa. Kati ya watu tisa, maseremala watano walikuwa karakana ya samani, wawili walikuwa wameacha kazi, mchora ramani alikuwa amehamishwa, na fundi mkuu alikuwa amestaafu. Katika vyumba viwili vya mtaa wa tatu waliishi watu watatu. Katika nyumba ya fundi alibaki mtu mmoja.